Fundo Lililofunguliwa

"Hakufa maji," alisema daktari, akavua glavu zake na kuzitupa ndooni.

Inspekta Mwanaamina, aliyetumwa kutoka Kasulu kusimamia shauri hilo, hakuinua macho kutoka kwenye meza ya saruji. Aliyelala hapo aliitwa Nsabimana, mvuvi wa ziwa dogo la Nyansovu, bondeni chini ya vilima vya Kumsenga. Alikuwa ametoka nyumbani Jumatano alfajiri. Wenzake walimkuta Alhamisi asubuhi ndani kabisa ya magugu ya ziwa hilo, miguu majini, kifua juu ya zulia la mizizi ya mafunjo.

"Kijiji kizima kinasema alizamishwa," alisema Mwanaamina.

"Kijiji hakikufungua kifua chake. Mapafu yana maji kidogo tu. Kilichomuua kiko hapa." Daktari aligeuza kichwa cha marehemu. "Kisogo kimepasuka. Pigo moja, la kitu cha mviringo kisicho na makali. Mti, kwa mfano. Sasa tazama kucha."

Kucha zote zilijaa matope meusi na nyuzi za mizizi.

"Alijivuta," alisema Mwanaamina.

"Alijivuta. Alipigwa, akaanguka majini, akatoka kwa mikono yake mwenyewe hadi alipoishiwa nguvu. Uvimbe huu haujengeki kwa dakika chache. Pigo lilikuwa la asubuhi. Roho, mimi ningesema, ilitoka usiku."

"Na kama angepatikana jioni ile?"

Daktari aliurudisha uso wa marehemu chini ya shuka.

"Kama angepatikana jioni ile, Inspekta, huenda leo tungekuwa tunamuuguza."

Mwanaamina alitoka nje, mahali Koplo Saady alipokuwa akimngoja kando ya gari. Nyuma ya kiti palikuwa na kifurushi kirefu cha gazeti, kilichofungwa kwa kamba na kubandikwa karatasi ya kielelezo. Ndani yake mlikuwa na mashina mawili ya funjo. Alhamisi, aliposikia kwa simu kwamba mwili umepatikana, Mwanaamina alikuwa ameagiza kila kitu kilichoota au kusimama penye mlango wa njia ile ya maji kikatwe na kuhifadhiwa, ingawa hakujua bado anatafuta nini.

"Afande," alisema Saady, "tangu nianze kazi nimeweka mahabusu wezi, walevi, hata mbuzi mmoja. Nyasi sijawahi."

"Zimekulalamikia?"

"Hapana. Ndizo mahabusu pekee wasioomba sigara."

Inspekta hakucheka. "Twende kwa yule anayeomba."

*

Reverien alikuwa ameketi sakafuni katika chumba cha mahabusu, mgongo ukutani. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi naye akiwa mgongoni. Uraia wa Tanzania walikwisha kuupata wote, lakini kijijini wengi waliendelea kumwita mkimbizi. Mgambo walikuwa wamemleta kituoni akiwa amefungwa kamba, kwa sababu kisu chake kilikutwa ndani ya mtumbwi wa marehemu.

"Kisu hiki ni chako?" aliuliza Mwanaamina, akiinua mfuko wa nailoni.

"Ego, afande. Ni changu. Mpini niliuchonga mwenyewe."

"Kilifikaje mtumbwini mwa Nsabimana?"

"Nilimpa. Jumanne jioni. Alikuja kwangu tukala ugali, tukapatana. Akasema, kisu changu kimekuwa butu, niazime chako nikakate magugu kesho. Nikampa."

"Mlipatana baada ya ugomvi gani?"

Reverien aliinamisha kichwa. "Wa fundo."

"Nieleze kama mtu asiyewahi kulisikia. Mimi ni mtu wa Ujiji. Kwetu maji ni mapana."

"Nyansovu si mapana, afande. Wakati wa kiangazi maji hupungua, jua huyachemsha, samaki wote hukimbilia chini ya mayungiyungi kutafuta kivuli. Ukitaka kambale mkubwa umfuate humo. Kwa hiyo kila mvuvi hukata uchochoro wake ndani ya mafunjo, upana wa mtumbwi tu. Ukiingia, unavuta mashina mawili mlangoni, moja huku, moja huku, unayafunga pamoja. Maana yake: kuna mtu ndani. Mwingine akiliona fundo hasemi hata neno, anarudi. Ukitoka unalifungua."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi nilijifunza uvuvi mtoni, Malagarasi. Mambo ya fundo sikuyajua. Mwezi uliopita nilifika penye mlango wake, nikaona majani yamefungwa, nikayakata kwa kisu hiki nikapita. Alinikuta ndani. Akanitukana mbele ya watu, nami nikamtukana."

"Ulimtishia?"

"Nilisema maneno ya hasira. Nilisema ziwa litamchukua mmoja wetu." Aliinua kichwa. "Afande, uniache humu hata mwaka. Lakini mke wangu Irakoze yuko nyumbani na watoto. Wamemwambia wakishamzika Nsabimana hatuwi tena majirani. Leo ndiyo maziko."

Mwanaamina alimtazama Saady. Saady aliitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, afande. Vijana wamekwisha kununua petroli. Wanangoja neno la Mzee Pasikali tu, mwenyekiti wa wavuvi. Marehemu alikuwa mkwewe."

"Maziko ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Waombe Kibondo wakuongezee askari. Wafike kabla ya jeneza."

*

Msibani walikuta watu wengi na maneno machache. Wanawake walikuwa ndani, wanaume uani juu ya magogo. Kando ya banda la mbuzi walisimama vijana kumi na kitu, na miguuni pao madumu ya njano. Mmoja alimpigia Saady saluti ya dhihaka.

"Mmemleta mkimbizi wenu, koplo? Au bado mnamlisha kwa kodi zetu?"

"Wewe kodi ulilipa lini?" alijibu Saady, akapita.

Mjane Esteri aliketi mkekani, kitambaa cheusi kimefungwa kiunoni. Mwanaamina alivua viatu, akaketi chini mbele yake, akampa pole, kisha akawaomba wanawake wengine watoke.

"Mama Esteri, nitakuuliza machache, na nitakuuliza mara moja tu. Jumanne jioni mumeo alikuwa wapi?"

"Alitembea."

"Alirudi na kitu?"

Esteri alikaza kitambaa kiunoni.

"Kisu chenye mpini wa kuchongwa?"

Mikono ya mjane ilishikana. "Alirudi nacho. Akasema, nimepatana na Reverien, nimekula kwake. Alifurahi."

"Hukulisema jambo hili kwa mtu yeyote."

"Nilimwambia baba. Baba akasema mjane hasemi wakati wa msiba, wanaume watasema. Nami, afande, kwetu neno la baba halipingwi."

Mwanaamina aliandika, akaendelea kwa sauti ileile. "Jumatano ulimwona mumeo akiingia ziwani?"

"Sikumwona. Nililiona fundo. Asubuhi nilishuka kuloweka mihogo, nikaona mlango wake umefungwa. Nikajua yumo ndani."

"Na jioni, alipochelewa?"

"Nilishuka tena. Fundo halikuwapo. Mlango ulikuwa wazi." Esteri aliongea akitazama mkeka. "Nikasema moyoni, ametoka, labda amepitia kwenye pombe. Nikarudi kupika. Usiku wanaume walipotafuta, nilikwenda nao. Tulizunguka ziwa lote, tulipekua matete ya upande wa pili, tuliita. Uchochoro wake hatukuingia. Nani angeingia? Mlango ulikuwa wazi. Mlango ukiwa wazi hakuna mtu."

"Ulisimama karibu nao?"

"Kama kutoka hapa nilipoketi na wewe sasa hadi pale kizingitini."

Nje, mtu alikuwa akipigilia misumari msalaba wa mti. Mwanaamina alifunga daftari lake. Hakumweleza mjane alichosema daktari.

"Ni nani anaruhusiwa kufungua fundo la mwingine?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Aliyekufundisha. Yeye anaweza kuingia kwako wakati wowote."

"Nsabimana alifundishwa na nani?"

Esteri aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alimtazama inspekta kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza amuone.

"Watu wote wa Nyansovu walifundishwa na baba," alisema.

*

Mzee Pasikali hakukataa kuwapeleka ziwani. Alikuwa mrefu, mnyoofu licha ya umri, na koti lake la sufu alilifunga vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Alipokea shikamoo ya Mwanaamina kama mtu anayepokea haki yake.

"Ndoana hatuchukui," alisema. "Maji yako msibani, hakuna kuvua mpaka tuzike. Kutazama, tutatazama. Ingawa sioni cha kutazama. Mwuaji mnaye."

"Sheria hupenda kutazama mara mbili, mzee."

"Sheria ya siku hizi ina macho mengi na mikono michache."

Nyansovu ilionekana zaidi kama shamba kuliko ziwa. Mafunjo yalisimama kuta kwa kuta, na mbele yake mayungiyungi yalikuwa yamebanana hata kunguru wa maji walitembea juu ya majani bila kulowa. Katikati tu palibaki kipande cha maji meusi. Hapakuwa na kasia mtumbwini; palikuwa na upondo, mti mrefu wa kusukumia, uliolainika kwa viganja vya miaka mingi. Saady aliketi mbele, Mwanaamina katikati, kifurushi cha gazeti magotini. Mzee alisimama nyuma akisukuma, na pumzi yake ilisikika.

"Kazi ngumu," alisema Mwanaamina.

"Kwa aliyezoea uvivu."

Vyura wachache walielea kando ya majani, matumbo meupe juu. Saady alimgusa mmoja kwa kijiti.

"Wamekufa, mzee. Hawa nao wamepigwa kisogoni?"

"Joto," alisema Pasikali.

Walifika penye uchochoro wa Nsabimana. Mwanaamina aliomba waingie kwa desturi, ili aelewe. Alivuta mashina mawili mwenyewe, akayafunga. Mzee alitazama fundo lile, uso ukamkunjamana.

"Hilo ni fundo la kamba ya kiatu. Sogea." Aliliweka upya kwa mizunguko miwili ya haraka. "Hivi. Likifungwa hivi, upepo haulifungui, ng'ombe halifungui. Fundo nililofundisha mimi halijawahi kufunguka lenyewe."

"Halijawahi?"

"Andika hivyo katika daftari lako."

Mwanaamina aliandika hivyo.

Waliingia. Ndani hapakuwa na upepo. Harufu ya matope ya moto ilikaba. Mzee aliwaonyesha zulia la mizizi ambapo mwili ulikutwa, na mahali palipokwaruzwa na vidole. Alieleza jinsi Reverien alivyopaswa kuwa amejificha, jinsi alivyomzamisha mwenzake. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mwalimu ubaoni. Mwanaamina hakumkatiza. Alipomaliza, inspekta aliomba warudi, maana saa ya maziko ilikaribia.

Penye mlango mzee aliegemeza upondo begani na kulifungua fundo. Aliyanyoosha mashina yote mawili kwa kiganja. Kisha kwa kidole gumba na cha shahada alilivunja shina la kwanza pale pale lilipokunjwa, akakitupa kichwa chake chenye manyoya majini. Akafanya vivyo hivyo kwa la pili. Hakuwa akitazama mikono yake. Alikuwa akitazama jua.

"Mzee," alisema Mwanaamina, "kwa nini umevunja vichwa?"

"Shina lililokunjwa halibebi tena kichwa. Ukiliacha litainama, litaoza, litaziba mlango. Marehemu baba yangu alifanya hivyo, na babu."

"Na wavuvi wengine hufanya hivyo?"

"Wengine!" Pasikali alicheka kwa pua. "Vijana hufungua wakaenda zao. Hakuna anayejali mlango utakuwaje kesho."

"Hata Nsabimana?"

"Nilimwonya mpaka nikachoka. Hakuwahi kufanya hata siku moja."

"Kwa hiyo katika ziwa hili ni wewe peke yako."

"Mimi peke yangu," alisema mzee kwa fahari.

Mwanaamina alikata kamba ya kifurushi, akalifungua gazeti. Mashina mawili yalikuwa yamenyauka kidogo tu. Yote mawili yalikuwa yamevunjwa pale yalipokunjwa, na vichwa havikuwapo. Aliyaweka kando ya yale yaliyosimama majini. Mivunjiko ilikuwa ile ile.

"Haya yalikatwa mlangoni hapa Alhamisi asubuhi, yakiwa mabichi," alisema. "Jumatano asubuhi fundo lilionekana limefungwa. Jioni lilikuwa limefunguliwa, na Nsabimana alikuwa ndani bado. Upepo haulifungui, umesema, nami nimeandika. Reverien hukata kwa kisu. Aliyefungua hapa alinyoosha mashina kwanza, akavunja vichwa."

Mtumbwi ulijigeuza taratibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiusukuma. Saady alikwisha kuushika upondo kwa mkono mmoja.

"Mzee Pasikali, hulazimiki kusema neno lolote. Utakalosema nitaliandika, na linaweza kutumika mahakamani."

Mzee aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza wamwone ameketi. Aliyatazama mashina yale kama mtu anayeonyeshwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mkono," alisema hatimaye. "Mkono ulifanya. Kama ungeniuliza Jumatano, ningekuapia kwa Biblia kwamba mlango ule sikuugusa."

"Na upondo?"

"Upondo naujua. Pigo lile nalikumbuka."

"Kwa nini?"

Aliwaelekezea kidevu wale vyura. "Dawa ya wadudu wa tumbaku. Kifuniko kimoja ndani ya maji yaliyofungwa na magugu, na samaki hupanda juu wenyewe. Macho yangu yamekwisha, Inspekta. Sioni jani likitikisika. Kiangazi chote nilikuwa narudi mikono mitupu, mimi niliyewafundisha wote hawa. Nsabimana aliwaona vyura. Akanifuata kwa adabu, akasema: baba mkwe, watu wanakula samaki hawa, watoto wanatapika, acha, la sivyo nitalisema mkutanoni. Nilimfuata humu nimsihi. Alinijibu kwa adabu ile ile. Nadhani ndiyo iliyoniudhi."

"Ulimwacha akiwa hai."

Pasikali aligeuka upesi. "Alizama."

"Alijivuta hadi penye mizizi. Alikuwa hai jioni. Alikuwa hai wakati watafutaji walipopita hapa na taa, wakauona mlango wazi, wakaenda mbele. Daktari amethibitisha."

Mikono ya mzee ilikuwa magotini, viganja juu, naye akaitazama mmoja baada ya mwingine.

"Sheria inakuruhusu kunyamaza," alisema Mwanaamina. "Lakini kule juu kuna mwanamke na watoto ndani ya nyumba, na vijana wenye petroli wanaongoja neno lako. Askari wangu ni sita. Neno lako lina nguvu kuliko sita."

"Unaniomba nijiaibishe mbele ya watu wangu."

"Nakuomba useme kweli kwa wakati. Jumatano uliukosa."

Koplo Saady alisukuma upondo mpaka nchi kavu.

*

Jeneza lilikuwa limekwisha kushushwa walipofika. Mhubiri alimpisha mzee, akidhani amekuja kutoa neno la familia. Vijana wa banda la mbuzi walijongea, madumu mikononi. Askari walisimama nyuma yao.

Pasikali alivua kofia.

"Nyumba ya Reverien isiguswe," alisema. Sauti yake ilifika mbali. Ilikuwa imezoea kuvuka maji. "Reverien hakuua. Nimeua mimi. Nilimpiga kwa upondo ndani ya uchochoro wake, nikatoka. Maji nayo nimeyatia sumu mimi. Samaki msile."

Mtu alicheka, akidhani uchungu umemchanganya mzee. Hakuna aliyemfuata. Dumu moja liliwekwa chini, kisha jingine. Yule kijana wa saluti alibaki na lake, akilitazama kama kitu alichopewa na mgeni amshikie.

Esteri alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kaburi, udongo wa kumtupia mumewe ukiwa bado ndani ya kiganja. Alimwendea baba yake taratibu, na watu wakampisha. Hakupaza sauti.

"Ni wewe uliyefungua fundo?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Nilisimama pale," alisema Esteri. "Nilisimama karibu kabisa na mlango nikatazama ndani. Nikarudi kupika." Kiganja chake kilikuwa kikivuja udongo. "Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa mdogo, kwamba mlango ukiwa wazi hakuna mtu. Ulifunguaje, baba, naye bado yumo ndani?"

Saady alimshika mzee mkono, bila pingu, wakaanza kupanda kuelekea garini. Nyuma yao Esteri alirudi kaburini, akafungua kiganja juu ya jeneza. Hakikuwa kimebaki na udongo wowote, ikambidi ainame achote tena.